Daftari la Chama, Ziwani

Shosho yangu ana madaftari kumi na moja. Ni yale ya shule, ya kurasa mia mbili, yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. La kwanza lilianza 1974 na karatasi zake zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Yote yamo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti chake cha ndoa na risiti za kodi ya kanjo ambazo hajawahi kutupa hata moja. Tulipokuwa wadogo, sanduku hilo lilikuwa kama mtu mzima: huligusi kama hujaitwa.

Nililifungua juzi juzi tu, baada ya habari kuenea mtaani kwamba Ziwani imo kwenye orodha ya mitaa ya kaunti itakayobomolewa ijengwe upya, pamoja na Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Bondeni. Vijana wa mtaa wakagawanyika. Wengine walisema wacha ghorofa zije, tumechoka na vyoo vya kushiriki. Wengine walisema tukitoka hapa, haturudi. Shosho yeye hakusema kitu. Aliniambia tu nimtolee karatasi zake azipange. Nilipofika kwa madaftari nikamwuliza, na haya ni ya nini? Akaniangalia kama nimemwuliza maji ni ya nini.

"Hao watu wakija watahesabu milango," akasema. "Watahesabu vyumba. Sasa haya, wataandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimetafuta moja tangu siku hiyo, na nilichopata ndicho hiki.

*

Kila ukurasa una safu tatu: namba, kiasi na tarehe. Namba ni ya nyumba. Wanachama hawakuandikwa kwa majina, waliandikwa kwa milango yao. Aliyelipa aliandikwa kwa biro. Aliyedaiwa aliandikwa kwa penseli. Deni likilipwa, penseli inafutwa kwa raba na biro inaingia. Kwa hivyo ukurasa ukiwa safi, ujue wiki hiyo watu walikuwa na kitu. Ukiona karatasi imechubuka kwa raba, ujue shule zilikuwa zimefunguliwa, au kazi zilikuwa zimeisha Industrial Area.

Chama kilikuwa cha wanawake kumi na wawili. Mwaka wa 1974 kila mmoja alitoa shilingi 5 kwa wiki, jumla 60, na zote zikaenda kwa mtu mmoja. Wiki iliyofuata zikaenda kwa mwingine. Ni ile tunayoita merigoraundi. Inaonekana ni mchezo, lakini hebu piga hesabu. Wa kwanza kupokea ametoa 5 na kushika 60, yaani amekopeshwa 55 bila riba, bila dhamana na bila fomu. Wa kumi na mbili ameshatoa 55 kabla ya siku yake, yaani amejiwekea akiba ambayo mume, njaa au sherehe havingeweza kuigusa. Nani sasa angekubali kuwa wa mwisho? Shosho alinieleza: raundi ikiisha inageuzwa, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Na kulikuwa na sheria iliyopita hiyo. Mtoto wa mtu akilazwa, zamu ni yake, hata kama alipokea wiki iliyopita.

Pembeni kulikuwa na kopo la msiba, shilingi 1 kila wiki, ambalo halikuguswa kwa jambo lingine lolote.

Mkopo, akiba na bima, vyote kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule. Wasomi wana jina la mambo kama haya: uchumi wa jamii. Maana yake ni shughuli za kiuchumi ambazo watu wanaziendesha wenyewe kwa manufaa ya wanachama, si kwa faida ya mwenye mtaji. Humo kuna vyama vya ushirika, Sacco, vikundi vya akina mama na vyama vya kuzikana. Aprili 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuutambua uchumi huu na kuzihimiza serikali ziupe nguvu. Ni jambo jema. Ila Shosho alikuwa ameshajaza daftari kumi.

Wala si sisi peke yetu. Ukivuka General Waruinge ukaingia Eastleigh, akina mama Wasomali wana ayuuto yao. Tanzania wana upatu. Kongo wana likelemba. Kule Rochdale, Uingereza, mwaka wa 1844 watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji wa nguo, walichangishana wakafungua duka lao wenyewe, na hao ndio dunia nzima inawahesabu kama mababu wa ushirika. Watu waliobanwa hufikia hesabu ile ile. Swali ni nani aliyewabana, na kwa nini. Hapo ndipo Ziwani ina historia yake.

*

Anza na majirani. Kariokor, hatua chache kutoka kwetu, ilichukua jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika wengi walichukuliwa, kwa hiari na kwa nguvu, kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza kwenda kupigana na Wajerumani huko Tanganyika. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Walipokufa, mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Serikali ilibishana miaka mingi kuhusu pesa hizo, na mwisho familia hazikulipwa. Hoja moja ilikuwa kwamba ni vigumu kuwapata wenyewe. Yaani serikali ilijua kumpata mtu kijijini ikimtaka kwa kazi, lakini haikujua kumpata mjane wake.

Baada ya vita ikaja kipande, kile cheti cha kazi ambacho kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kipande kilisema waziwazi wewe ni nani hapa mjini: mfanyakazi wa fulani. Kazi ikiisha, sababu yako ya kuwa Nairobi imeisha.

Na hata waliojijengea mji wao wenyewe hawakuachwa. Kijiji cha Pangani, ambako Waafrika walikuwa na nyumba zao, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyeji wakasukumwa Pumwani na Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina Shauri Moyo lilitokana na uchungu huo: ukihama ama ukikataa, ni shauri la moyo wako. Kati ya wenye nyumba katika mitaa hiyo ya mwanzo walikuwemo wanawake wengi, waliojenga kwa pesa yao wenyewe. Kubomoa kulivunja nyumba na pia kulivunja akiba yao.

Ziwani ilijengwa na manispaa ndani ya hali hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Vyumba vidogo kwa safu, mifereji ya kushiriki, vyoo vya kushiriki. Kuanzia hapo mwenye nyumba ni baraza, na wewe ni mpangaji milele. Ukiangalia mpangilio wenyewe unaona ni mtaa uliopigiwa hesabu ya mwanamume mmoja mwenye nguvu na kazi. Mke hakuwa kwenye hesabu, wala mtoto, wala mgonjwa. Mzee ndiye kabisa. Ilidhaniwa kwamba hao wote wako "nyumbani", mashambani, ambako mke analima na ukoo unatunza.

Hii haikuwa bahati mbaya, ilikuwa ndiyo hesabu yenyewe. Mwajiri wa Nairobi alilipa mshahara wa mwanamume asiye na familia, na gharama iliyobaki ya kumfanya binadamu (kumzaa, kumlea, kumuuguza, kumzika) ililipwa na mwanamke mwenye jembe kule kijijini. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni za watu binafsi walikuwa wanalipwa mshahara usiotosha mahitaji yao ya msingi ya afya na heshima. Ikapendekeza mishahara ianze kupimwa kwa mahitaji ya familia badala ya kapera.

Kati ya mshahara uliolipwa na gharama halisi ya kuishi kulikuwa na shimo. Chama kilizaliwa ndani ya shimo hilo.

*

Vyama vya kwanza havikuwa vya akina shosho. Vilikuwa vya wanaume, na vilikuwa vya makabila na koo. Luo Union, vyama vya Waluhya, vyama vya watu wa lokesheni fulani au ukoo fulani. Swali lao la kwanza lilikuwa moja: ukifia Nairobi, nani atakupeleka nyumbani? Mji uliokuajiri haukutaka kukuzika kama wake. Kwa hivyo watu wa kwenu walikutana Jumapili, wakaweka senti, na ukifa wakakutafutia sanduku, gari na watu wa kusindikiza. Wapagazi wa Kariokor waliachwa porini bila hata mshahara wao kufika nyumbani. Vyama vilihakikisha kwamba angalau mwili utafika.

Kutoka kwa mazishi vikapanuka. Vilimpokea kijana aliyeshuka gari moshi juzi. Viliamua kesi za majirani na kuchangia karo. Na pole pole vikaanza kuota ndoto kubwa zaidi. Oginga Odinga, akiwa bado mwalimu, alianzisha chama cha akiba Bondo ambacho kilikua kuwa Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyouza hisa kwa watu wa kawaida na kufungua kiwanda cha uchapishaji cha Ramogi hapa Nairobi mnamo 1947. Miaka hiyo hiyo, wafanyabiashara Waafrika wa kuni na maganda ya miti walijiunga wakanunua jengo barabara ya Grogan, leo Kirinyaga Road. Ndiyo Kiburi House, ambako KAU na vyama vya wafanyakazi walipata ofisi. Siasa ya uhuru ilihitaji chumba, na chumba kilitoka kwa watu waliochanga.

Serikali ya kikoloni iliviangalia vyama hivi kwa macho mawili. Jicho moja lilivipenda, kwa sababu vilifanya kazi ambayo serikali haikutaka kulipia. Jicho lingine liliviogopa, kwa sababu watu wanaojua kuweka pesa pamoja wanajua pia kugoma pamoja. Ushirika ni mfano mzuri. Walowezi walikuwa nao tangu 1908, pale Lumbwa. Waafrika ilibidi wangoje hadi sheria ya 1945 ndipo mlango ufunguliwe vizuri, na hata hapo chini ya msajili wa serikali.

Lakini nisiwapambe wazee wetu. Vyama hivyo vilikuwa na upande mwingine, na upande huo wanawake ndio waliolipa. Katika miaka ya 1940 na 1950 viongozi wa Luo Union walifanya msako mjini, wakawakamata wanawake walioishi bila mume au baba, wakawaita malaya na kuwarudisha Nyanza kwa lazima. Vyama vingine vya namna hiyo Afrika Mashariki vilifanya vivyo hivyo. Mkono uliobeba maiti yako kwa heshima ndio uliomvuta dada yako hadi stesheni. Tukisifu kusaidiana kwa zamani tukumbuke hilo. Anayekushika ana uwezo pia wa kukushikilia.

Kisha ikaja Aprili 24, 1954. Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliizunguka Nairobi, wakaingia Eastlands nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakazuiliwa, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Vitabu vya historia husema mengi kuhusu kambi na mahojiano. Mimi, baada ya kusoma madaftari ya Shosho, nimekuwa nikifikiria jambo dogo. Katika kila safu ya nyumba zilizoachwa wazi asubuhi hiyo kulikuwa na mtu aliyekuwa anadaiwa na mtu aliyekuwa anangoja zamu. Nani alikuwa ameshika kopo? Pesa ya msiba ya watu waliopelekwa Manyani ilienda wapi? Hakuna aliyeiandika kama hasara ya vita.

*

Uhuru ulipokuja, kusaidiana kukawa sera. Kenyatta alisema Harambee, na watu wakachanga wakajenga shule na zahanati. Benki ya Ushirika ilisajiliwa 1965 ikafungua milango 1968. Sacco za waajiriwa zikaenea miaka ya 1970, pesa ikikatwa kwenye mshahara kabla haijafika mfukoni. Leo mali ya Sacco zinazosimamiwa na SASRA imepita shilingi trilioni 1. Wakenya wengi wenye ploti, wenye digrii, wenye gari, walianza na mkopo wa Sacco. Hiyo si hadithi ndogo.

Ila angalia nani aliachwa nje. Sacco ya ofisini inataka mshahara. Mama anayeuza mitumba Gikomba hana mshahara wa kukatwa. Aliyesuka vyondo Kariokor hana. Shosho, aliyekuja Ziwani kama bibi harusi 1968 na kuuza mboga kando ya barabara miaka thelathini, hakuwahi kuwa nao. Hawa walijifanyia. Huko Kati, miaka hiyo ya 1960, wanawake walikuwa wameanzisha vikundi vya mabati: wiki hii tunaezeka kwako, ijayo kwangu. Ujuzi huo ulisafiri na basi hadi Machakos Country Bus ukashuka nao, ukaingia mtaani.

Na hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa ambayo sijayasikia yakisimuliwa sana. Vyama vya wanaume viliuliza unatoka wapi. Chama cha Shosho kiliuliza unaishi wapi. Nyumba kumi na mbili zilizoshiriki mfereji mmoja zilikuwa na Mluo, Mkamba, Mluhya, Mkikuyu na mama mmoja Mwislamu kutoka Pumwani. Kilichowaunganisha ni kwamba kila asubuhi walionana na ndoo. Huwezi kudanganya kuhusu hali yako kwa mtu anayeona unachopika.

Mwaka wa 1980 Rais Moi aliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ikaenda, Luo Union ikaenda. Klabu ya mpira ya Abaluhya, iliyoanza 1964, ikabidi ibadilishe jina ikawa AFC Leopards. Gor Mahia nayo ilikuwa imezaliwa 1968 kwa kuunganisha timu za Luo Union na Luo Stars. Kwa hivyo wewe unayepiga kelele siku ya dabi, ujue unashangilia kilichobaki cha vyama vya kuzikana vya babu zako. Amri ile haikugusa daftari la Shosho. Hakuna aliyejua kama lipo. Hiyo ilikuwa kinga yake, na udhaifu wake pia.

*

Udhaifu huo upo kwenye daftari la sita.

Miaka ya 1990 mwanamke aliyeshika kopo la msiba aliondoka usiku. Shilingi 9,000. Simtaji, na Shosho pia hamtaji hadi leo. Hawakwenda polisi. Wangesema nini? Chama hakikusajiliwa, hakikuwa na katiba, ushahidi ulikuwa daftari la shule. Miezi minne baadaye mume wa mwanachama mmoja akafa na kopo likawa tupu. Waliuza vyombo. Daftari la sita, kurasa za mwisho, ni penseli tupu.

Halafu, mwaka uliofuata, kuna mstari wa biro wenye namba ya nyumba yake ya zamani: 300. Alituma na makanga wa basi. Kisha 200. Kisha 500. Hivyo hivyo, kwa miaka saba. Nilijumlisha: 4,100. Kisha hakuna tena. Shosho anasema alikuwa amelipia mtoto hospitali. Sijui kama anasema hivyo kwa sababu anajua, au kwa sababu ni rahisi kuishi na maelezo hayo. Hata hivyo 4,900 haikurudi, na kuna mtu alizikwa kwa pesa ya sufuria.

Kwa hivyo mtu akiniambia changamoto ya chama ni uaminifu, namwelewa, lakini nahisi amesema nusu. Chama kidogo kinaweza kuibiwa kwa sababu hakina karatasi. Lakini karatasi peke yake haizuii wizi, inaukuza tu. Mwaka wa 2007 miradi ya upatu wa uongo ilianguka nchini, ile iliyojivika nguo za chama, na jopo la Francis Nyenze lilihesabu zaidi ya watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Na Januari 2025 ripoti ya ukaguzi kuhusu KUSCCO, muungano uliowekwa tangu 1973 kuzilea Sacco zetu, ilifichua hesabu zenye dosari za zaidi ya shilingi bilioni 13. Hao walikuwa na ofisi, wakaguzi, muhuri na mikutano ya kila mwaka. Walichokosa ni mtu wa mfereji mmoja, anayeona unachopika.

Ukaribu nao una mipaka. Januari 2008, baada ya uchaguzi, daftari lina wiki sita tupu. Hakuna biro, hakuna penseli. Wiki ya saba kuna namba tisa badala ya kumi na mbili. Shosho hakueleza na mimi sikuuliza mara mbili. Lakini nimeona kwamba mfuko ulianza tena, na kwamba mmoja wa wale watatu alirudi mwezi wa tano.

*

Kizazi chetu tumehamia kwenye simu. M-Pesa ilikuja Machi 2007 na sasa chama kinaishi WhatsApp. Matatu, tangu mwanzo wa muongo uliofuata, zilitakiwa ziwe chini ya Sacco au kampuni ndipo zipewe leseni. Tangu 2022 kuna sheria ya kusajili vikundi vya jamii, inayovipa hadhi ya kisheria, na naona ni hatua nzuri. Ingekuwepo wakati wa daftari la sita, angalau pangekuwa na pa kwenda.

Lakini fungua simu yako uhesabu makundi. Mimi nina manne ya harusi yaliyogeuka kuwa ya matanga, na sita ya bili ya hospitali. Kila wiki mtu ananiongeza. Mwanafunzi mwenzetu ana saratani. Baba wa fulani yuko hospitali, mwili hautoki hadi bili ilipwe. Tunatuma 200, tunatuma 500, tunaandika "pole sana", na tukimaliza tunajipongeza kwamba Wakenya tunajua kusimama pamoja.

Ni kweli tunajua. Ila nimesoma ripoti ya Carpenter na nimesoma kundi langu la WhatsApp, na hesabu ni ile ile. Mshahara unalipa nusu ya gharama ya mtu, na nusu nyingine inatafutwa kwa majirani. Zamani shimo lilizibwa na mwanamke wa kijijini, halafu na chama cha ukoo, halafu na wanawake kumi na wawili wa mfereji mmoja, na sasa ni wewe na mimi na Fuliza. Kiongozi akisimama jukwaani kusifu moyo wetu wa kusaidiana, inafaa tuulize ni bili gani anayotusifia tuendelee kuilipa.

Sisemi chama kife hospitali zikipona. Kinyume chake. Chama kikitolewa mzigo wa kuziba shimo, kinaweza kufanya kile Odinga alikuwa anajaribu na ile kampuni ya kuuza hisa, kile watu wa Kiburi House walifanya: kujenga. Ushahidi uko karibu. Huruma, pale Kambi Moto, wakazi wa kijiji cha mabati waliokuwa wanaweka akiba kidogo kidogo chini ya Muungano wa Wanavijiji walikubaliana na baraza la jiji mwaka wa 2003, wakaanza kujijengea nyumba za ghorofa kwenye vipande vyao vidogo, papo hapo walipokuwa wakiishi. Walianza na hesabu ya watu, mlango kwa mlango, waliyoifanya wenyewe. Nyumba zikafuata.

Hilo ndilo jibu nililompelekea Shosho. Kwamba mtaa ukijengwa upya, orodha iandikwe kwa vikundi pia, si kwa milango tu. Waliokuwa kwenye mfereji mmoja wapewe ngazi moja. Wahamishwe pamoja na warudishwe pamoja, na ahadi ya kurudi iwe kwenye karatasi yenye sahihi. Kwamba chama kitambuliwe kama mali ambayo mpangaji anaweza kupoteza, kwa sababu anaweza. Wanachama wake ni namba za nyumba. Siku nyumba zikianguka, kila namba kwenye madaftari kumi na moja itakuwa anwani ya mahali pasipokuwepo, kama ilivyokuwa kwa akina mama wa Pangani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haya. Macho yangu hayaoni tena mistari. Wewe ndiyo utaandika."

Jumapili iliyopita ndiyo nilianza, daftari la kumi na moja, ukurasa wa kati. Wanachama wamebaki saba wa zamani na watano wapya, wawili wao wa rika langu. Safari hii kila mmoja ametoa 500. Kulikuwa na msiba pia, nyumba ya mwisho karibu na geti, shilingi 200 kila mtu. Kumi walilipa pale pale, wengine kwa simu. Wawili hawakuwa nayo. Nilikuwa nimeshainua biro niandike "hawajalipa", Shosho akanishika mkono, akanipa penseli.